Purdy na zile milioni 265: kikosi kilichombeba kilinunuliwa kwa hela yake

Tangu Mei 2025, San Francisco 49ers walipompa Brock Purdy, kwotabeki wao, yaani mrushaji anayeongoza mashambulizi, mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 265, kuna neno moja haliishi midomoni mwa watu. Dogo kabebwa. Sisi tunaofuatilia mpira wa Marekani huku Dar hatuko wengi, lakini tukikutana mada hii lazima ifufuke, na anayelisema hilo neno akishalisema anatulia kabisa kama mjadala umeisha, kabebwa na kocha Shanahan, kabebwa na mkimbiaji McCaffrey, kabebwa na mdakaji Kittle, basi hastahili. Mimi nimelifikiria sana hili jambo na naona hapo kwenye "kabebwa" ndo watu wanapoishia kufikiri wakati ndo ilitakiwa waanzie.

Ila nianze na upande nisiokubaliana nao, maana hoja zao siyo za kupuuza. Msimu wa 2023 Purdy alirusha yadi 4,280 na tachidauni 31 (yaani mara 31 pasi zake zilizaa bao la pointi 6), na kwenye ule ukadiriaji wa warushaji akaongoza ligi nzima kwa alama 113.0. Msimu uliofuata McCaffrey akacheza mechi 4 tu, mdakaji Aiyuk akaumia goti mwezi wa kumi, Trent Williams anayemlinda upande wa kushoto akakosa mechi za mwisho, na hapohapo Purdy akashuka mpaka tachidauni 20 huku pasi 12 zikinaswa na wapinzani, timu ikamaliza na ushindi 6 na vipigo 11. Mtu akikuuliza je, huyu anainua wenzake au wenzake ndo wanamuinua, huwezi kumwambia swali lake ni la kijinga. Halafu kuna mifano ya kutisha kweli. Machi 2023 New York Giants walimpa kwotabeki Daniel Jones miaka 4 kwa milioni 160 baada ya msimu mmoja mzuri, ikafika Novemba 2024 wameshamwachia aende, na katikati hapo mkimbiaji Saquon Barkley waliyemwacha akaenda Philadelphia, akakimbia yadi 2,005 na Februari 2025 akabeba Super Bowl, fainali ya ligi. Carson Wentz, kwotabeki wa Philadelphia Eagles, ndo hivyohivyo, milioni 128 mwaka 2019, kufika mwanzoni mwa 2021 kauzwa Indianapolis na kuwaachia Eagles mzigo wa milioni 33.8 kwenye hesabu zao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo shabiki wa Giants akikuambia ogopa mkataba mrefu wa kijana, msikilize, anajua anachokisema.

Na kubwa kuliko yote ni kikomo cha mishahara. Kule hakuna tajiri wa kuchomoa hela mfukoni akajaza pengo kama tulivyozoea kwenye soka, timu zote zina kiasi kilekile, 2025 kilikuwa milioni 279.2, ukimpa mmoja unamnyima mwingine. Kabla hata Purdy hajasaini, mwenzake Deebo Samuel alishapelekwa Washington, walinzi Hufanga na Greenlaw wakaenda Denver, Ward akaenda Indianapolis. Wengi waliona kabisa nafasi inafagiliwa kwa ajili ya nani.

Sawa. Sasa tuangalie hiyo milioni 53 kwa mwaka, maana inasemwa kama vile imeangushwa kutoka mbinguni. Ukiiweka juu ya kikomo cha 2025 inakuja asilimia 19. Kwotabeki nguli Aaron Rodgers alipoongezewa mkataba 2018, wastani wa milioni 33.5 kwa mwaka juu ya kikomo cha milioni 177.2, ni asilimia 18.9. Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, 2020 ilikuwa karibu asilimia 23. Yaani namba inakua kwa sababu kikomo chenyewe kinakua, kutoka 2022 mpaka 2025 kimepanda kwa milioni 71, na anayelinganisha dola za leo na dola za mwaka 2018 bila kuangalia hilo anajitisha bure. Utaniambia Purdy siyo Rodgers. Ni kweli siyo Rodgers. Lakini makwotabeki wenzake Trevor Lawrence na Jordan Love walisaini 2024 kwa wastani wa milioni 55 kwa mwaka kila mmoja, na siku wanasaini hakuna kati yao aliyekuwa ameshacheza Super Bowl. Purdy alikuwa ameshacheza moja, akaipeleka mpaka muda wa nyongeza, na bado amelipwa chini yao.

Nije kwenye kinachonikera hasa. Purdy alichaguliwa wa mwisho kabisa kwenye drafti ya 2022, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, namba 262 kati ya 262. Bonasi ya kusaini ilikuwa dola 77,008. Mshahara wa mwaka wa kwanza 705,000, wa pili 870,000, wa tatu 985,000. Jumlisha vyote hivyo, misimu mitatu, fainali mbili za kanda, Super Bowl moja, unapata kama milioni 2.64. Mwaka 2024 kwotabeki Dak Prescott alisaini Dallas kwa wastani wa milioni 60 kwa mwaka, gawanya kwa siku 365 utaona hela ya Purdy ya misimu yote mitatu Dak anaifikia kwa siku 16. Siku kumi na sita! Simlaumu Dak, alipata alichopata kihalali, na wala Purdy hakuweza kulalamika maana sheria ya ligi tangu makubaliano ya 2011 hairuhusu mchezaji wa drafti kugusa mkataba wake mpaka amalize misimu mitatu. Alikaa kimya akacheza, akawa anaishi nyumba moja na mchezaji mwenzake kama wanachuo.

Sasa jiulize, zile hela ambazo hakulipwa zilienda wapi? Hazikupotea. Machi 2023 timu ikamleta mlinzi Javon Hargrave kwa milioni 84 za miaka 4. Septemba 2023 ikamfunga mlinzi Nick Bosa kwa milioni 170 za miaka 5. Agosti 2024 ikampa Aiyuk milioni 120 za miaka 4. Hakuna timu inayofanya manunuzi ya namna hiyo ikiwa kiti cha kwotabeki kinakula asilimia 15 au 20 ya kikomo. Kwao mshahara wa Purdy ulikuwa haufiki hata asilimia moja. Ndo maana nasema neno "kabebwa" linaanzia hadithi katikati, kwa sababu kile kikosi kilichombeba kilinunuliwa kwa unafuu wake yeye, na ukija leo kumwambia hastahili kwa sababu alikuwa na wenzake wazuri unamdai mara mbili kwa kitu kimoja, kwanza alicheza kwa bei chee ili wenzake walipwe, halafu kulipwa kwa wenzake ndo kunageuzwa kuwa sababu ya yeye asilipwe.

Na hatari alikuwa anaibeba nani muda wote huo? Rudini Januari 2023, fainali ya kanda kule Philadelphia, huku kwetu ilikuwa saa 5 usiku. Mpira haujachangamka bado, Purdy anavuta mkono arushe, Haason Reddick, mlinzi wa Eagles, anamfikia na kuugonga mkono ukiwa bado uko nyuma. Mpira ukaanguka na Purdy akatoka amebana kiwiko. Kano ya kiwiko ilikuwa imechanika. Akaingia kwotabeki wa akiba Josh Johnson, naye kipindi cha pili akapigwa kichwa akatolewa, kwotabeki mwingine hakuna, ikabidi Purdy arudi uwanjani na ule mkono. Nakumbuka nilivyokaa naangalia mtu anapokea mpira na kumkabidhi mkimbiaji, anapokea na kukabidhi, tena na tena, kwa sababu kurusha hawezi, na uwanja mzima unajua hawezi, na Eagles wanajua hawezi. 49ers walifungwa 31 kwa 7. Purdy alikuwa na miaka 23, analipwa kima cha chini kabisa cha ligi, na kwenye mkataba wake kilichokuwa na dhamana ni ile bonasi ya 77,008 basi. Kiwiko kile kisingepona, hakuna ambaye angekuja kumwambia tunakudai shukrani. Alifanyiwa upasuaji Machi, Septemba akawa uwanjani kule Pittsburgh, 49ers wakashinda 30 kwa 7.

Timu ambayo iliona hayo yote ndo hiyohiyo ilikuwa imetoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ya drafti ili kumpata kwotabeki Trey Lance 2021, ikampa mkataba wa milioni 34.1 zote zenye dhamana, akaanza mechi 4, wakamuuza Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Simlaumu Lance, alivunjika kifundo cha mguu na hakupata nafasi ya kukua. Ninachosema ni kwamba watu wanaposema "mwache aende, tafuta mwingine wa bei nafuu", huyo mwingine anatafutwa kwa bei, na San Francisco wanaijua hiyo bei kwa sababu waliilipa na hawakupata kitu.

Kuhusu Super Bowl ya 2024 nayo kuna jambo linasemwa vibaya. Huku ilianza saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kufika muda wa nyongeza kumeshakucha, daladala zinapita, mimi macho mekundu kwenye simu. 49ers wako yadi ya 9 ya Kansas City, jaribio la tatu kati ya manne, zimebaki yadi 4 wapate majaribio mapya. Mdakaji wao Jauan Jennings alikuwa wazi kabisa. Chris Jones, mlinzi wa Kansas City mwenye mwili kama kabati, akaachiwa apite bila mtu kumgusa, na Purdy akarusha huku anarudi nyuma, mpira ukaenda pasipo mtu. Wakapiga teke la pointi 3, Mahomes akaja akamaliza, 25 kwa 22. Watu wanasema pale kwotabeki wa milioni 50 angefunga. Mwenyewe nimeirudia ile video mara nyingi, na kila nikiirudia naona mtu aliyekuwa na sekunde moja na nusu, huku upande aliotakiwa kulindwa uko wazi. Wiki mbili kabla ya hapo, dhidi ya Detroit, alikuwa nyuma 24 kwa 7 mpaka mapumziko, akarudi akashinda 34 kwa 31, na siku hiyo alikimbia kwa miguu yake yadi 48. Hiyo hakuna aliyembeba.

Kuna hoja moja imeongezeka baada ya kusaini na hii inanipa shida kidogo, nakiri. Septemba 2025 Purdy aliumia kidole cha mguu mechi ya kwanza tu, akaingia kwotabeki wa akiba Mac Jones aliyekuja kwa mkataba mdogo, na katika mechi 8 alizoanza wakashinda 5. Watu wakaruka, si tulisema, mfumo wa Shanahan unamfaa yeyote! Mac Jones alicheza vizuri na heshima yake apewe. Ila Purdy alipoanza msimu huohuo, mechi 9, wakashinda 7. Ushindi 5 katika 8 ni timu ya kuhangaikia nafasi ya mwisho ya mtoano. Ushindi 7 katika 9 ni timu ya kugombea kileleni. Tofauti hiyo ukiiona ndogo sawa, ila kwenye ligi ya mechi 17 mimi siioni ndogo, na makocha wanafukuzwa kwa tofauti hiyohiyo.

Ninapowakubalia wale wengine ni kwenye urefu. Miaka 5 ni mingi kwa mwili wa mtu ambaye si mkubwa, urefu wake kama futi 6 na inchi 1, ameshaumia kiwiko na sasa kidole, na milioni 181 za mkataba ziko ndani ya dhamana. Ningekuwa pale mezani ningeomba minne. Na mtego mwingine uko kwenye namna hela ilivyopangwa, kwa sababu mwaka 2025 Purdy alikula kama milioni 9 tu ya kikomo, hivyo timu haikusikia chochote, bili yenyewe inapanda miaka inayofuata, na hapo ndo wale waliozoea kununua kila mwezi Machi watabanwa kweli. Hawatakuwa tena na Hargrave wa milioni 84 na Bosa wa milioni 170 kwa mwaka mmoja. Itabidi meneja John Lynch awapate kwenye drafti, kwenye raundi za tatu, za tano, za saba, vijana wa kucheza leo na kulipwa baadaye, kama alivyompata yule wa namba 262.