Saa ya nixie: kagua nyuma kabla ya mbele

Mtu akitaka kununua saa ya nixie iliyotumika, ile inayoonyesha wakati kwa taa za vioo, anainamia vioo kwanza. Vikiwaka rangi ya chungwa bila doa, analipa. Mimi ningeanza kwa kufungua kifuniko cha nyuma.

Taa ya nixie haina uzi wa kukatika. Ndani yake mna tarakimu kumi za chuma chembamba, zimepangwa moja nyuma ya nyingine katika gesi ya neoni. Ukiipa mojawapo volti 170 hivi, gesi inayoizunguka inang'aa. Zile za mwanzo, za miaka ya 1950, zilidumu kama saa 5,000, yaani miezi saba ukiziacha zikiwaka usiku na mchana. Baadaye watengenezaji wakatia zebaki kidogo ndani ya gesi, na baadhi ya matoleo ya mwisho yakafikia saa 200,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 22 bila kuzimwa.

Tatizo ni kazi ya saa yenyewe. Tarakimu inayowaka hurusha chembe za chuma, nazo hutua juu ya zile zilizozimwa. Taa ya makumi ya saa huonyesha 0, 1 na 2 tu, miaka nenda miaka rudi. Ihamishie kwenye dakika uone: 7 itajitokeza nusu, kwingine giza. Ndiyo maana saa isiyo na programu ya kuzungusha tarakimu zote kila usiku siitaki, hata kasha lake liwe la mpingo. (Na hizo taa za bluu wanazobandika chini ya vioo, sijui nani aliziomba.)

Wapo wanaopunguza mkondo wa umeme wakidhani wanaitunza taa. Ukipungua mno, tarakimu haiwaki yote, na kipande kilicholala kinazidi kupakwa uchafu. Afadhali uizime kabisa mkiwa mmelala, au uweke kihisi cha kuiwasha mtu akiingia chumbani.

Sasa huko nyuma. Saketi inayopandisha volti 12 hadi 170 hupata joto, na joto hukausha kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme. Kapasita iliyovimba kichwa, fundi redio yeyote anaibadilisha kwa pesa kidogo. Lakini taa za Kisovieti, zilizomo katika saa nyingi za aina hii, hazitengenezwi tena, kwa hiyo kila unayoipasua imepungua duniani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa IN-14, aina ya taa ya Kisovieti inayosimama wima na kulehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Ukiikunja vibaya miguu yake, kioo kinapata ufa pale miguu inapotokea, hewa inaingia, basi. IN-12, nayo ya Kisovieti, si nzuri kihivyo, na 5 yake ni 2 iliyopinduliwa, lakini inachomekwa kwenye soketi. Ikifa, unachomoa na kuchomeka nyingine, lehemu huigusi.