Mwombaji wa Nje ya Jimbo

Tangu Oktoba 15, siku ambayo vyuo vingi vya udaktari vya Marekani huanza kuruhusiwa kutoa nafasi, kila asubuhi nafungua ukurasa wa maombi wa chuo kimoja cha jimbo jingine na kukuta maneno yale yale: ombi lako linaendelea kupitiwa. Wenyeji wa jimbo hilo walikwisha kujibiwa. Mimi ni wa Maryland, basi nistahimili.

Kungoja si tatizo. Tatizo ni sababu yenyewe. Nilipohamia huku nilijiandaa kuwa mgeni kwa ajili ya lafudhi na pasipoti, sikutazamia kuwa mgeni pia kwa sababu ya jimbo ninakolipa kodi. Sheria ya Texas inavizuia vyuo vya udaktari vya serikali kuchukua zaidi ya asilimia 10 ya wanafunzi kutoka nje ya jimbo, na Chuo Kikuu cha Washington kinawaangalia kwanza watu wa jimbo lake pamoja na wa Wyoming, Alaska, Montana na Idaho, majimbo yenye mkataba nacho. Mtu wa Maryland, hata alama zake za MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, ziwe nzuri namna gani, anakwenda huko kugombea makombo, na ada ya maombi hairudishwi.

Kwetu Tanzania, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi shuleni, humtoa kijana Bukoba ikampeleka Songea kusoma kidato cha tano, na ukiacha utani wa makabila, hakuna anayemuuliza baba yake analipa kodi mkoa gani. Akiomba udaktari Muhimbili na PCB yake, yaani fizikia, kemia na biolojia, kinachotazamwa ni matokeo. Najivunia hilo, wala sioni haya kulisema.

Najua wapo watakaosema, "Kapanda ndege juzi tu, leo anatuletea maringo, kama kwetu kuzuri, si arudi?" Sijasema kwetu kila kitu ni kizuri. Mimi nami nimefanya praktiko ya kemia kwa kupokezana pipeti moja meza nzima. Tena ninao rafiki waliomaliza udaktari pamoja na mwaka wa mafunzo ya vitendo, na sasa wako nyumbani wakisubiri tangazo la ajira, ilhali foleni za wagonjwa mnazijua wenyewe. Hapo ndipo ninapokwama katika hoja yangu, kwa sababu Texas inabania nafasi zake ikitaka daktari aliyesomeshwa kwa kodi ya wananchi wake abaki awatibu. Inaniumiza, lakini ni hesabu inayoeleweka. Sisi tunamsomesha kijana bila kujali mkoa wake, tunamwacha akae mtaani, na akiondoka tunamwita msaliti.

Kwa atakayeuliza kwa nini nisingeomba Maryland peke yake: nimeomba, ila kwa ushindani wa huku hakuna mwenye akili anayeomba jimbo moja tu. Ifikapo Aprili 30, walioshika nafasi zaidi ya moja watatakiwa kubaki na moja, ndipo orodha ya akiba itakapoanza kusogea.