Donge Juu ya Valvu

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kutangaza kwenye kundi letu kwamba gari langu lilipika chapati mbele ya Mnara wa Saa wa Arusha, ni heri niseme mwenyewe, maana habari yake ina uongo. Hazikuwa chapati. Lilikuwa donge tu.

Ile Ford Prefect ya babu mnaijua: injini ya sentimita za ujazo 1172, nguvu za farasi 36, na zote huchoka kila ziuonapo mlima. Valvu zake, vile vizibo vya kuingiza hewa na kutoa moshi, husimama ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, ubavuni mwa pistoni, hivyo hedi ni kifuniko tu. Atakaye nguvu zaidi hukishusha kifuniko hicho ili hewa na petroli vibanwe zaidi. Hedi ya alumini ya kuagiza Uingereza ilinishinda bei, nikaamua tuikwangue ile ya chuma. Fundi wangu, mzee wa mtaa wa Unga Limited, alitaka tuondoe milimita moja, kwa hoja kwamba paa lililo juu ya valvu likishuka mno, hewa hukabwa njiani kabla ya kufika kwenye silinda, na faida yote huishia hapo. Mimi, mhitimu wa video za usiku wa manane, nikadai mbili na nusu. Chekeni tu, bado hatujafika.

Mzee alikubali kwa sharti: "Mwanangu, weka udongo wa kuchezea watoto juu ya valvu, funga hedi na gasketi yake, zungusha injini kwa mkono, kisha fungua upime unene uliobaki." Udongo sikuwa nao, ila jikoni mke wangu alikuwa amekanda unga wa chapati. Nilipofungua, donge lilipita milimita mbili kwa rula, nikashangilia. Wasukuma chapati mmeshaelewa: unga wa ngano uliokandwa vizuri ukiachiwa hujirudi, ukanenepa tena.

Jumamosi nikajitolea kumbeba bibi harusi, binti wa shangazi yangu. Mnara ule husemwa umesimama katikati ya njia ya Cairo na Cape Town, nami nikasimama papo hapo, kwa amri ya trafiki, injini ikiwa imepata moto na valvu, bila shaka, zimerefuka kwa joto. Mbele yetu matarumbeta yalikuwa juu ya pikapu. Trafiki akapunga mkono, nikakanyaga mafuta kwa madaha, na chini ya boneti kukasikika ko. Kisha ko, ko. Kisha kokoko ya mfululizo, safi kiasi kwamba mpiga ngoma aligeuka, akatabasamu, akaifuata. Kwa muda ambao sitausahau, bendi nzima ilicheza kwa mapigo ya valvu zangu, wapita njia wakipiga makofi, hadi injini ilipokata roho na ngoma ikabaki peke yake. Katika ukimya ule shangazi akasema kutoka kiti cha nyuma, "Baba, si ulisema umeongeza nguvu?"

Bibi harusi alifika kanisani kwa bajaji. Gari lilivutwa.

Jumatatu mzee aliifungua hedi, akanionyesha alama za mwezi mwandamo zilizochimbwa na valvu, kisha akabandua kwa bisibisi ganda jeusi pembeni mwa plagi ya tatu, akalinusa. Rafiki yangu alikuwa nyuma yake, anarekodi.

"Na chai iko wapi?" mzee akauliza.