Sijahongwa Elfu Kumi, Nilikuwa Nahesabu Hatua

Ndiyo, ni mimi. Yule refa wa kwenye video mwenye jezi nyeusi iliyombana tumbo, anayeutazama mkono wake kama mtu aliyeachwa na daladala ya mwisho, halafu ananyoosha kidole katikati ya uwanja. Tangu jana jioni nimetumiwa video hiyo mara kumi na moja. Ya kumi na moja ilitoka kwa mama mkwe. Hakuna salamu wala neno lolote, video tu.

Na kwa kuwa mshika kibendera wangu, ambaye mpaka juzi nilimwita rafiki, ameshazunguka magrupu yote na voisi ya dakika sita akieleza "ukweli wa tukio", naomba na mimi nisikilizwe. Sikuhongwa. Halafu wadau, hata kama ningehongwa, elfu kumi? Mtu mzima nina watoto watatu, ninunuliwe kwa hela ambayo kuku wa kienyeji huwezi hata kumshika bawa?

Tuanzie kijiweni, maana ndiko nilikojiroga mwenyewe.

Saa aliniletea shemeji alipotoka Dubai. Ni hizi za kisasa: inapima mapigo ya moyo, inahesabu hatua, inakwambia kunywa maji, inakwambia umekaa sana inuka, inakwambia jana ulichelewa kulala. Kwa ufupi ni mama yako mzazi aliyewekewa betri. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba presha inaninyemelea na nitembee, basi nikaiwekea lengo la hatua 10,000 kwa siku. Lugha nikaiacha ileile ya Kiingereza iliyokuja nayo. Hicho Kiingereza kikumbukeni, tutakirudia.

Jumatano usiku tuko kijiweni, kahawa na kashata, kwenye luninga ya jirani kuna mechi ya Uingereza. Mpira umegonga mwamba, umeshuka, refa kagusa saa yake, katikisa kichwa, mchezo unaendelea. Mzee mmoja akauliza, "Huyu anaangalia saa ya nini, anawahi wapi?"

Jamani, mimi nimesomea uamuzi, nina cheti. Swali kama hilo huwezi kuniuliza nikanyamaza. Nikawaeleza kwamba kila goli limeelekezewa kamera saba, mpira ukivuka mstari wote mzima, ndani ya sekunde moja saa ya refa inatetemeka na kuandika GOAL. Kwamba kwenye ligi yao kitu hicho kipo tangu 2013. Nikawarudisha mpaka Bloemfontein, Afrika Kusini, Kombe la Dunia 2010, lile shuti la Lampard wa England dhidi ya Ujerumani lililoingia dunia nzima ikiona isipokuwa refa na msaidizi wake, na kwamba miaka miwili baadaye wakubwa wa sheria za soka wakaikubali teknolojia yenyewe. Kijiwe kimya. Hata muuza kahawa kaacha kugonga vikombe.

Mpaka hapo nilikuwa mtu mkweli.

Ndipo dogo mmoja dereva boda akaniangalia mkono. "Na hiyo yako, kaka? Nayo inatetemeka?"

Nilikuwa na kashata mdomoni. Ningeweza kutafuna kwanza, nikameza, nikafikiri. Nikajibu, "Hizi ni zilezile tu."

Hakuna aliyecheka. Waliniamini wote. Balaa lilianzia hapo.

Basi jana Jumamosi, Mbagala, saa kumi jioni. Boda wa stendi dhidi ya mafundi gereji, zawadi ni beberu na kreti mbili za soda. Magoli ni mabomba ya chuma yasiyo na nyavu. Mistari tulichora kwa majivu ya mama ntilie, na mpaka kipindi cha pili imebaki kwenye kumbukumbu za watu tu. Beberu amefungwa nyuma ya goli la mafundi ili wachezaji wajue wanachotafuta.

Wale wajuaji mnaoniandikia kwamba Sheria ya 5 ya soka inamkataza refa vifaa vya umeme uwanjani, isomeni mpaka mwisho. Kamera hapana, mapambo hapana, ila kifaa cha kupima utimamu wa mwili kimeruhusiwa. Muda wa mechi nilikuwa nao kwenye saa ya kawaida, mkono wa kulia. Ya kushoto ni ya presha. Na simu nilimwachia mama wa soda ili meseji zisinisumbue. Nilijiona nimefikiria kila kitu.

Dakika ya 88, timu zimefungana bao moja kwa moja. Boda wamepata kona.

Hapa twende polepole.

Kona inapigwa. Mshambuliaji wa boda, yule mrefu, anapaa katikati ya mafundi wawili, kichwa! Mpira unagonga mtambaa panya, ile "ngwaa!" ya bomba tupu. Unashuka wima. Unadunda palepale kwenye majivu, vumbi linanyanyuka, kipa anajitupa juu yake kama mtu anayemrukia mwizi wa kuku. Upande mmoja unalia "Goooo!", upande wa pili unalia "Haujavuka!" Mimi niko jirani na alama ya penalti na mbele yangu kuna migongo ya watu wazima watatu. Sijaona kitu.

Nageuka kwa mshika kibendera. Kwenye kona kama ile anatakiwa asimame usawa wa mstari wa goli, na kweli alikuwa amesimama. Ila macho yake yalikuwa kwa beberu, ambaye muda huohuo alikuwa ameshakata kamba na anaondoka zake taratibu kuelekea barabarani. (Hiki kipande kwenye voisi yake mmekisikia? Sidhani.)

Filimbi iko mdomoni. Watu wote macho kwangu. Na hapo mkono wa kushoto: vrrr, vrrr.

Nikatazama.

Kioo kimewaka. Fataki za rangi zinaruka. Katikati, herufi kubwa kama za bango la mkutano wa injili: GOAL!

Wakuu, naapa kwa sekunde ile niliamini. Akili ilikuwa inajua kwamba saa haijaunganishwa na kamera yoyote, na kwamba kiumbe pekee aliyekuwa nyuma ya lile goli mwenye nafasi nzuri ya kuona ameshaondoka na kipande cha kamba shingoni. Lakini mwili haukusubiri akili. Uongo nilioutema Jumatano pamoja na chembe za kashata ulinifuata mpaka uwanjani, ukanishika mkono, ukaunyoosha katikati ya uwanja. Filimbi ikalia. Sijui hata niliipuliza saa ngapi.

Sisi Waswahili tumejigawia vizuri, lengo ni lengo, goli ni goli. Mwingereza yeye kaona neno moja linamtosha, la kutembea na la kufunga. Nilikuwa nimekanyaga hatua ya elfu kumi.

Boda wakalipuka. Yule dogo wa kijiweni anakimbia pembeni ya uwanja akipiga kelele, "Saa imesema! Nimeiona ikitetemeka! Si niliwaambia?" Wazee wa kahawa wanatikisa kichwa kama mashahidi walioapishwa. Mimi natamani ardhi ipasuke, ila Mbagala ni mchanga, ungenirudisha juu.

Ndipo kapteni wa mafundi akaja. Hakuja kwa fujo. Alijifuta mikono kwenye bukta, akasema kwa adabu zote, "Kaka, sisi hatubishi. Kama saa imesema, basi tuonyeshe na sisi tuone." Angenitukana ningempa kadi. Adabu ile ndiyo iliyonimaliza. Nikampa mkono.

Anasoma kwa sauti ili wenzake wasikie. "Goal..." Akasogeza macho chini kidogo. Akanyamaza. Akaniangalia usoni. Akarudi kwenye saa.

"Elfu kumi."

Uwanja mzima ukanyamaza. Nilisikia soda ikifunguliwa upande wa pili. Kisha kutoka nyuma kabisa, sauti ya mama mmoja:

"MUAMALA UMESOMA!"

Nisimulie nini tena? Walinizunguka. "Refa kalipwa uwanjani!" "Live bila chenga!" "Tena hana aibu, kaisoma mbele yetu!" Mimi napiga kelele, "Ni hatua jamani! Ni hatua!"

"Hatua tutakuchukulia sisi!"

"Hatua za kutembea!"

"Yaani unalipwa kwa kutembea?"

Jaribuni siku moja kuwaeleza watu wenye hasira kwamba mkononi umevaa kifaa kinachokupongeza kwa kutembea. Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama huwa kinanipongeza na nikila.

Tumesimama hivyo dakika kumi hivi. Sasa, saa hizi zina tabia nyingine ambayo nilikuwa nimeisahau. Mwili ukitulia kwa muda halafu moyo ukawa bado unakwenda mbio, inakuonya. Mimi nimesimama kama mlingoti, moyo unataka kutokea kwenye jezi. Na mkono wangu bado umeshikwa na kapteni.

Vrrr.

"NYINGINE HIYO!"

Kapteni akasoma: "Mia moja thelathini na nne."

"Hayo makato!" mtu akadakia.

"Makato ya elfu kumi siyo hayo," akajibu dada mmoja kwa ukali wa kitaalamu. "Mimi ni wakala."

"Labda pamoja na tozo!"

Naomba mniamini, kwa dakika nzima lile kundi liliniacha mimi na goli langu na kugombana lenyewe kwa lenyewe kuhusu viwango vya kutoa pesa. Ndiyo iliyokuwa nafasi yangu pekee ya kukimbia na sikuitumia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nasikiliza.

Yaliyofuata ni mafupi. Balozi wa mtaa alikuja, tukamtafuta mwanafunzi wa sekondari akatafsiri saa yote kuanzia fataki mpaka moyo, watu wakapoa nusu. Mchezo ulikuwa haujaanza tena, kwa hiyo sheria iliniruhusu kubadili uamuzi, nikafuta goli nikampa kipa mpira wa kudondosha. Boda wakanitukana kwa zamu yao. Dakika 90 zikaisha, penalti, boda wakashinda 4-3, beberu akawa wao vilevile. Yaani ningekaa kimya tu tungefika palepale. Aliyemrudisha beberu kutoka barabarani ni mshika kibendera wangu, akapewa soda mbili na makofi. Mimi nilipofuata posho yangu, mweka hazina aliniangalia akasema, "Wewe si umeshalipwa?" Watu wakacheka. Nilisubiri aseme anatania. Hakusema.

Mkiniuliza kama mpira ulivuka mstari, mstari gani?

Kuna mmoja wa kwenye grupu, naona anajaribu kunifariji, kanikumbusha Villa Park, Juni 2020, Aston Villa na Sheffield United: mpira uliingia na kipa, mchana kweupe, na saa ya refa haikutetemeka. Asante ndugu yangu. Ya kwao ilinyamaza, ya kwangu ikaropoka.

Usiku sikupata usingizi, nikaanza kusoma habari za hizi hatua elfu kumi. Kumbe hata daktari wangu hakuzitaja, alisema "tembea" tu. Namba hiyo ilisambaa kutokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965. Yaani mtu alikuwa anatafuta jina tamu la bidhaa yake kule Tokyo, mimi nimekuja kuitwa mla rushwa Mbagala.

Nyumbani nilieleza kila kitu tangu mwanzo, kashata, kona, fataki, mapigo ya moyo, nikachora mpaka na mchoro. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akakunja kanga yake vizuri, akauliza, "Kwa hiyo hiyo elfu kumi iko wapi?"

Leo asubuhi nimepita kijiweni kwa sababu nikijificha watasema ni kweli. Muuza kahawa kanipa kikombe, nikamlipa, na kabla hajaipokea ile sarafu kainamia mkono wangu akasubiri.

Saa ninaiuza. Ipo na boksi lake na chaja, haina mkwaruzo. Anayeitaka aje faragha tuongee bei, ila atakayeanzia elfu kumi namblok.