Fundi, niachie nafasi ukutani

Masika ya mwaka jana sakafu ya sebule yangu iliota nundu. Nilikuwa napita na kikombe cha chai, nikahisi mbao zinabonyea chini ya mguu kama godoro. Nikadhani bomba limepasuka. Wapi! Fundi alikuwa amebana lamineti hadi ukutani, pande zote nne, tena kwa kujisifu: "Bosi, hapa hata skatingi huhitaji, nimekuokolea hela."

Lamineti kiini chake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Hewa ya Dar es Salaam ikijaa unyevu, inatanuka, kiangazi inanywea. Ndiyo maana hailazwi kwa misumari, na inaachiwa nafasi ya milimita 8 hadi 12 kuizunguka yote, hata kwenye fremu za milango. Skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, ipo ili kuifunika nafasi hiyo. Anayeiita urembo hajui anachouza.

Kuna wanaoiacha nafasi vizuri, kisha wanaipiga skatingi gundi kwenye sakafu yenyewe. Hapo umemfungua mbuzi kamba halafu ukamkanyaga mguu. Skatingi ishikwe na ukuta tu. Kuta zetu ni za tofali za saruji na msumari mwembamba unapinda, kwa hiyo toboa, tia plagi ya plastiki tunduni, kaza skrubu.

Milangoni ndiko tunakodanganywa zaidi. Mkanda wa kufunika maungio ya sakafu mbili, wenye umbo la T, unafaa pale tu sakafu mbili zinapolingana kimo. Marumaru za korido zikiwa chini kidogo, T inabaki inaning'inia upande mmoja, na vidole vya watoto vitakusimulia. Hapo unatakiwa mkanda wa mteremko. Mlango wa kioo wa kutokea varanda una mkanda wake wa kumalizia, wenye ukingo wa mraba. Yote hiyo hufungwa kwenye zege kupitia ile nafasi, kamwe si juu ya lamineti.

Kuhusu malighafi nina ubishi wangu. Skatingi za MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, zinapendeza dukani, lakini sisi tunapiga deki kwa ndoo, na chini zinavimba kama mkate kwenye chai. Nachukua za plastiki ngumu. Rangi? Skatingi ifuate fremu za milango. Mkanda wa mlangoni ndio ufanane na sakafu. Mke wangu hakubaliani, na nyumba ni ya wawili.

Kona za ndani zikikatwa nyuzi 45 kwenye ukuta usio na pembe kamili, zinaachama. Fundi mzuri huupeleka ubao mmoja hadi ukutani, wa pili akauchonga ufuate umbo la mwenzake. Mbaya huita puti izibe mwanya.

Ile nundu? Tulifungua upande wa dirishani, tukapunguza sentimita 1. Kesho yake sakafu ilikuwa imelala. Skatingi nikanunua, nyeupe, na ndoo ya deki sasa mwisho wake jikoni.