Shida si kuta

Mwandishi, hapo unaposema katika makala yako kwamba chuo kidogo hakiwezi kufundisha sanaa bila ukumbi wa kisasa wa maonyesho, sikubaliani nawe. Ngome yetu hapa Lamu ilikuwa jela hadi 1984, leo ni makumbusho na picha hutundikwa humo humo. Mwanangu kasoma sanaa chuoni muhula mzima hajashika patasi, ilhali mtaa wa pili yuko mzee anachonga nakshi za mlango, kila mara anainama kupuliza unga wa mbao aone kina. Nanyi wa chuo, mwiteni huyo afundishe, na mumlipe kama mwalimu, si nauli ya boti tu! Na maonyesho yafunguliwe baada ya alasiri, jua limepoa. Saa nne asubuhi mwamtarajia nani?