Usiniambie ni wa mtoto

Suruali ya kupunguza haina siri. Mteja anaitupa juu ya meza, anasema inchi mbili, anauliza apite lini, ameondoka. Lakini kuna mzigo mwingine unaoingia kwangu kwa kunyata. Umeviringishwa ndani ya khanga, au umelazwa chini kabisa ya fungu la sare za shule, na mwenye nao anakaa kwenye benchi akingoja wenzake waishe. Wakiisha, anautoa. Dubu aliyetoboka kwapani. Sungura wa manyoya mwenye sikio moja. Mdoli wa kitenge uliopauka mpaka maua yake huyaoni tena, unayakisia. Na kabla sijafungua mdomo: "Ni wa mtoto, fundi."

Nimekaa nyuma ya cherehani hapa Chikongola, Mtwara mjini, mwaka wa 14 huu. Mdoli wa mtoto naujua. Una uji uliokaukia shingoni, una mchanga, umechorwa kalamu usoni. Sungura yule wa sikio moja aliletwa na dada wa miaka 30 na ushei, akiwa bado ndani ya sare ya kazi. Alikuwa amefuliwa kwa mkono na kuanikwa kivulini. Mshono wake wa zamani ulishawahi kurudiwa mara mbili tatu na mtu asiyejua kushona: uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu usiku ule ndio uzi uliokuwemo ndani. Hakuna mtoto aliyefanya kazi ile.

Sijawahi kumuumbua mteja hata mmoja. Naandika kwenye daftari, namwambia njoo Ijumaa. Ila uongo ule unaniuma. Mtu mzima, mwenye kazi yake, anayetegemewa na watu, kwa nini amsingizie mtoto ambaye pengine hata hajazaliwa, ili tu ashonewe kitu anachokipenda?

Na wanaomfanya aseme hivyo ni sisi wenyewe. Mama akifariki huku kwetu, khanga zake hugawanywa, na kila binti anayo ile moja ambayo haivai wala hana haraka ya kuifua. Imekaa chini sandukuni. Siku akizidiwa anaitoa, anaufukia uso humo, anavuta harufu, anairudisha. Sijasikia mtu akimcheka. Tunasema ana uchungu na mama yake, basi. Sasa dubu aliyenunuliwa na baba kwenye belo la mitumba, akalaliwa na binti huyo usiku wote wa homa, akabaki ndani ya nyumba baba alipokwisha kwenda zake kaburini, ana tofauti gani na khanga ile? Nimelifikiria sana hili nikiwa nashona. Naona tofauti ni moja tu. Khanga ni vazi la mtu mzima, kwa hiyo majonzi yake yana ruhusa. Dubu ana macho na pua, ana sura ya mchezo, na mtu akionekana kuumia mbele ya sura ya mchezo watu wanadhani anacheza.

Kuna mama mmoja wa Mikindani, ana watoto wawili na ana mume mwenye moyo mwema. Mume aliona dubu wa mkewe amechakaa, akamnunulia mwingine mkubwa, mweupe, mwenye utepe mwekundu shingoni, na yule wa zamani akamtupa kwenye shimo la taka. Alitaka kumfurahisha, nina hakika. Mama yule alinijia na dubu mwenye majivu, manyoya ya ubavu mmoja yameungua. Huyu hakunidanganya. Aliniambia, "Kaka fundi, huyu ni wangu. Mrudishe alivyokuwa. Usimfanye mpya."

Neno lile nimekaa nalo. Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili, Bruce Hood na Paul Bloom, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wadogo. Waliwaonyesha kisanduku wakawaambia ni mashine inayoweza kutoa nakala ya kitu chochote, sawasawa kabisa na chenyewe. Mtoto aliyeingiza mdoli wa kawaida alifurahia nakala. Aliyeombwa kuingiza mdoli anaolala nao kila usiku alitaka arudishiwe uleule, na wapo waliokataa kata kata hata kuuweka ndani. Watoto wale walikuwa na miaka mitatu hadi sita, na walijua jambo ambalo yule mume wa Mikindani, mtu mzima na pesa zake mfukoni, hakulijua dukani.

Kwa hiyo mdoli wa mtu mzima siushiki kama ninavyoshika nguo. Swali la kwanza ni la tumboni. Midoli ya mitumba imejazwa nyuzi nyeupe za plastiki, ukizichambua zinavimba. Ile ya kushonwa nyumbani ina matambara, au sufi. Sufi sisi watu wa Kusini hatuhitaji kufundishwa: kiangazi maganda ya msufi yanapasuka, unaokota, unatoa mbegu, unajaza mto. Kila unyuzi wake una uwazi katikati kama mrija na ngozi yake ina nta, ndiyo maana ni nyepesi na hainywi maji. Zamani hata majaketi ya kujiokolea baharini yalijazwa hiyo. Lakini ina udhaifu wake. Ikilaliwa miaka mingi inakatikakatika na kuwa vumbi, na mdoli unanywea. Fundi asiyejua anaitoa yote, anashindilia sponji, mdoli unarudi umenona. Mwenye nao akiupokea unauona mkono wake unasita hewani, kwa sababu uzito si ule aliouzoea. Kosa hilo nililifanya miaka yangu ya mwanzo. Mteja hakulalamika. Alilipa, akasema asante, na mpaka leo hajakanyaga tena kwangu.

Siku hizi sufi ya zamani naiacha katikati, naizungushia mpya nje yake. Kiraka nakitia mahali ambapo mkono hauzoei kushika, na kabla sijashika mkasi nauliza: ukilala, unamshika wapi? Wengi wanaona haya kwanza. Kisha wananionyesha.

Midoli hii ya manyoya yenyewe ilitoka mikononi mwa fundi mwenzetu. Margarete Steiff, wa mji wa Giengen huko Ujerumani, alizaliwa mwaka 1847, akaugua polio akiwa mdogo sana. Miguu haikumbeba tena na mkono wa kulia ukawa dhaifu. Akawa mshonaji. Mwaka 1880 alishona vitembo vidogo vya kuchomekea sindano, kama hiki kijimto nilichokifunga hapa kwenye meza ya cherehani. Watoto wakavipenda, wakavichukua wavichezee. Dubu alifuata baadaye: mwaka 1902 mpwa wake Richard alibuni dubu mwenye mikono na miguu inayozunguka, na mwaka huohuo huko Marekani Rais Theodore Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti, gazeti likachora kisa hicho, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn akamwita dubu wake wa kitambaa kwa jina la utani la rais, Teddy. Ndiyo maana sokoni hapa mtu anakuomba "tedi". Mimi lakini narudi kwenye kile kitembo cha sindano. Kilikuwa chombo cha kazi cha mtu mzima, kilikaa mezani kwa mtu mzima, watoto ndio walioazima.

Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza mwaka 1951 kwa nini mtoto hung'ang'ania blanketi au mdoli wake: kitu hicho kinakaa kati yake na mama, kinamshikilia wakati anajifunza kuwa mbali na mama. Alisema tena jambo ambalo kila mshonaji angelisaini, kwamba mama anajua asikimbilie kukifua, maana akikifua anakata kitu ndani ya maisha ya mtoto. Nawaomba waume, wake na mawifi walishike hilo. Usifue cha mwenzako bila kumwuliza. Lakini daktari alisema pia kwamba miaka ikienda kitu hicho hupoteza maana yake polepole, wala mtu hakililii. Hapo mimi na daktari tunaachana njia. Benchi langu linasema vingine.

Kuna kijana wa Lindi, fundi umeme, aliniletea mjusi wa kitambaa wa kijani mwenye shingo ndefu, wa mitumba. Kaka yake mkubwa ndiye aliyempa utotoni, akamwambia huyu ndiye mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huku Lindi. Kaka mwenyewe alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, na habari zake sasa ni za kubahatisha. Shingo ya mjusi ilikuwa imelala. Nikamwambia naweza kupitisha waya ndani isimame wima kama yule wa Berlin. Akakataa. "Kaka alikuwa anamshika hapohapo shingoni, fundi. Acha ilale."

Nikawa nashona huku nawaza habari ya mjusi mwenyewe. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, na babu zetu walibeba mifupa ile kwa vichwa na mabega mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Leo mmoja amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu unapita mita 13, na watu wa Lindi hawajaacha kuuliza atarudi lini. Sidhani kama kuna mtu kule ataridhika akiletewa wa plasta, hata akiwa sawa kwa kila mfupa. Wanamtaka yule aliyetoka ardhini kwao. Tunalielewa jambo hili vizuri sana likiwa na urefu wa mita 13. Likiwa dogo la kulalia, tunacheka.

Siku ileile mzee mmoja ninayemheshimu alipita, akaniona na mjusi mkononi, akauliza wa nani. Nilisema ukweli. Akakaa chini. "Njomba," akasema, "huyo kijana hakuingia jandoni?"

Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Kwetu utoto una siku yake ya kuisha. Jando likimalizika kibanda huchomwa moto, mtoto harudi na kitambaa alichokwenda nacho, anarudi na nguo mpya na vigelegele. Mimi nilipita humo. Na nilikuwa na mdoli. Bibi mzaa mama alinishonea kule Newala kwa pindo la khanga yake, akaujaza sufi. Alisema ni mbuzi. Pembe zilikuwa vipande viwili vya kitambaa vilivyosokotwa, na moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Nililala na mbuzi yule mpaka siku niliyochukuliwa. Niliporudi, usiku ule nikapapasa kitandani, hayupo. Sikuuliza. Mwanamume aliyetoka jandoni angeanzaje kuulizia mbuzi wa kitambaa? Bibi alifariki mwaka 2009 na sikumwuliza kama alimchoma, au alimpa mtoto mwingine, au alimweka mahali akingoja nije nimwombe.

Nilimjibu mzee hivi: jandoni nilifunzwa kuvumilia maumivu, kuheshimu wakubwa, kutoingia chumbani kwa wazazi bila hodi. Sikumbuki somo lililosema nisimkumbuke bibi yangu. Mzee hakunijibu. Alikaa kidogo, akaaga.

Wengine huleta hoja ya dini, kwamba mdoli ni sanamu. Mimi si shehe, hukumu nawaachia wanazuoni. Ninachojua ni kile tulichosomeshwa madrasa, kwamba Bi Aisha alikuwa na midoli nyumbani kwa Mtume, akiwemo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa, na Mtume alipomwuliza farasi gani huyu mwenye mbawa, akapewa jibu, alicheka.

Ijumaa iliyopita yule dada wa sare alikuja kumchukua sungura wake. Benchini palikuwa na watu wawili. Nilimweka sungura wazi juu ya meza, sikumfunika. Nikamwonyesha kiraka mgongoni, nikamwambia uzi mweusi sijaufumua, nimeupitia juu kwa uzi mweupe tu. Alimbonyeza tumbo mara mbili, kama mtu anayejaribu embe. Mmoja wa wale wawili akauliza ni wa nani. Niliwahi kujibu: wa mteja wangu. Dada akalipa, akamtia sungura kwenye mkoba, kichwa kikabaki nje kidogo, akaondoka hivyohivyo barabarani.

Yule aliyeuliza alikuwa amekuja kuchukua kanzu. Nilimkabidhi, akaikunja, akalipa, asiondoke. Mwenzake aliposhonewa zipu na kwenda zake, akasogea karibu na meza, sauti chini.

"Fundi, hivi macho ya vifungo, yale ya kung'aa, bado yanapatikana?"

Nikavuta kopo la vifungo, nikamwuliza yalikuwa ya rangi gani.